Ndugu wa Tumbo Moja, Mataifa Mawili: Damu Inasema Nini Juu ya Wapoland wa Ughaibuni?

Siku hizi asili ya mtu inauzwa ndani ya kijisanduku. Mtu anaagiza kwa mtandao, anatema mate katika kichupa, anakirudisha kwa posta, na baada ya wiki chache anapokea ramani iliyopakwa rangi pamoja na asilimia: kiasi fulani Ulaya ya Mashariki, kiasi fulani Baltiki, kiasi fulani Wayahudi wa Ashkenazi. Miongoni mwa wateja wa biashara hii wamo wajukuu na vitukuu wa Wapoland walioko Marekani, Kanada, Brazili, Uingereza na Australia. Wamo pia Wapoland ambao hawakuhama popote, ila mpaka ndio uliohama ukawaacha Lithuania, Belarus au Ukraine. Wengi wanatafuta jibu la swali moja: je, sisi ni Wapoland kweli?

Mpendwa msomaji, tunaliandikia swali hili kwa sababu si la udadisi tu. Vilnius na vijiji vinavyouzunguka limekuwa silaha ya kisiasa kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika Umoja wa Kisovieti liliwapeleka watu uhamishoni na wengine mbele ya bunduki. Mwaka 1942 lilichangia kuamua nani atoke katika nchi hiyo na nani abaki, na baadhi ya waliotoka walifika hapa kwetu, Tengeru karibu na Arusha. Msimamo wetu tuuseme mapema: vipimo vya vinasaba ni elimu halali, na Kanisa halina sababu ya kuiogopa, lakini vinajibu swali jingine, si hilo linaloulizwa. Wanaovifanya kuwa mahakama ya utaifa wanavibebesha mzigo usio wao.

Tuanze na familia moja ambayo kila mseminari anapaswa kuifahamu. Roman Szeptycki alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Prylbychi, karibu na Lviv, wakati huo chini ya himaya ya Austria. Baba yake, Jan, alitoka katika ukoo wa kale wa makabaila wa Kiruthenia, ukoo uliowahi kutoa maaskofu wa Kanisa la Kigiriki Katoliki, kisha kadiri vizazi vilivyopita ukachukua lugha ya Kipoland na madhehebu ya Kilatini. Mama yake, Zofia, alikuwa binti wa Aleksander Fredro, mwandishi wa tamthilia anayesomwa katika shule za Poland hadi leo. Nyumba ilikuwa ya Kipoland kwa lugha na kwa adabu. Kijana Roman akaamua kurudi katika madhehebu ya mababu zake, akaingia utawa wa Wabasilio, akaitwa Andrey. Kuanzia mwaka 1901 hadi kifo chake mwaka 1944 alikuwa Metropolita wa Lviv, na Waukraine walimtazama kama baba wa taifa lao. Ndugu yake Kazimierz naye akawa mtawa kwa jina la Klymentiy, akafa katika gereza la Wasovieti mwaka 1951, na Mtakatifu Yohane Paulo II akamtangaza Mwenye Heri mwaka 2001. Ndugu yao mwingine, Stanisław, alikuwa jenerali wa jeshi la Poland, na mwaka 1923 akawa waziri wa mambo ya kijeshi wa nchi hiyo.

Mwaka 1918 na 1919 Wapoland na Waukraine walipigana vita juu ya mji wa Lviv. Hebu fikiria meza ya Zofia kama angekuwa hai. Watoto wake wamenyonya ziwa moja, wamefundishwa kuomba na mama mmoja, na sasa mmoja ni mchungaji wa taifa hili na mwingine ana nyota za jeshi la taifa lile. Kama maabara ya leo ingepima mate yao, ingekuta kromosomu Y ile ile kutoka kwa Jan na vinasaba vya mitokondria vile vile kutoka kwa Zofia. Mashine isingeweza kusema yupi Mpoland na yupi Mukraine.

Familia ya Iwanowski ilikwenda mbali zaidi. Jerzy alikuwa waziri wa viwanda na biashara katika serikali ya Poland iliyozaliwa upya mwaka 1918. Wacław alikuwa mmoja wa viongozi wa harakati za Wabelarusi, akauawa Minsk mwaka 1943. Tadas akawa Mlithuania, profesa wa zoolojia aliyeheshimiwa sana Kaunas. Ndugu watatu, mataifa matatu. Wapo pia akina Narutowicz: Gabriel alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Poland mwaka 1922 na kuuawa siku chache baadaye, huku kaka yake Stanisław akiwa mmoja wa waliotia saini tamko la uhuru wa Lithuania la tarehe 16 Februari 1918.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tunaipenda, na hutajwa mara nyingi katika hotuba za ndoa na za siasa. Lakini ndugu hawa waliacha asili ipi? Andrey alidai anairudia asili ya baba. Stanisław angeweza kudai anailinda asili ya mama, na tena ya baba wa vizazi vya karibu. Kila mmoja alikuwa na mababu wa kutosha kumpa haki. Asili ya mtu ni kama mto wenye vijito vingi: ukiambiwa urudi kwenye chanzo, lazima uchague kijito, na kuchagua ni kazi ya moyo na akili wala si ya damu.

Sasa tuingie maabara kidogo, maana wengi wanabishana juu ya vinasaba bila kujua vinasomwaje. Kila mmoja ana wazazi 2, babu na bibi 4, na akirudi vizazi 10, yaani kama miaka 250 hadi 300, nafasi za mababu zinafikia 1,024. Kipimo cha kromosomu Y kinafuata mstari mmoja tu: baba wa baba wa baba. Kipimo cha mitokondria kinafuata mstari mwingine mmoja: mama wa mama wa mama. Hiyo ni mistari 2 katika 1,024. Vipimo vinavyosoma kromosomu zote vinaona mengi zaidi, lakini navyo vina kikomo chake. Kila mzazi humpitishia mtoto nusu tu ya alichonacho, tena kwa vipande vipande, hivyo kufikia kizazi cha kumi mababu wengi hawajaacha hata kipande kimoja mwilini mwako. Walikuwepo, walikuzaa, majina yao yamo katika daftari la parokia, na maabara haiwaoni.

Lipo kundi la kromosomu Y linaloitwa R1a. Zaidi ya nusu ya wanaume wa Poland wanalo, na wapo wanaoliita alama ya damu ya Kipoland. Lakini kundi hilo hilo ni la kawaida sana Belarus, Ukraine, Urusi na Slovakia, liko kwa wingi Lithuania, na linapatikana hadi kaskazini mwa India. Wanaume wa Lithuania, karibu wanne kati ya kumi, wana kundi jingine liitwalo N, ambalo ni la kawaida pia Finland na kwa baadhi ya watu wa Siberia. Basi mzee wa kijiji cha karibu na Vilnius, anayesali Rozari kwa Kipoland tangu utoto, akikutwa na kundi N, tunaweza kusema huenda baba wa baba zake walizungumza Kilithuania. Jirani yake Mlithuania akikutwa na R1a, hajawa Mpoland kwa usiku mmoja.

Hata neno "Poland" katika ramani ile ya rangi linahitaji kuulizwa limetoka wapi. Kampuni hulinganisha mate ya mteja na sampuli za watu wanaoishi leo, hasa wale ambao babu na bibi zao wote walizaliwa eneo moja. Lakini Poland ya leo si ile ya mwaka 1939. Baada ya vita mipaka ilisukumwa kuelekea magharibi, na zaidi ya watu milioni moja wakahamishwa kutoka Lviv, Vilnius na vijiji vya mashariki, wengi wakapelekwa Wrocław, Szczecin na maeneo ambako Wajerumani walifukuzwa. Kwa hiyo kipimo chenyewe cha Upoland kimeshonwa kwa kitambaa cha mashariki. Mpoland aliyebaki Vilnius analinganishwa, pamoja na wengine, na binamu zake walioondoka.

Mwaka 2013 wanasayansi Peter Ralph na Graham Coop walichapisha utafiti juu ya vinasaba vya Ulaya nzima. Walionyesha kwamba hata watu wanaoishi mbali kilomita elfu na zaidi wana mababu wengi wa pamoja ndani ya miaka 1,000 iliyopita, na kwamba watu wa Ulaya ya Mashariki wanashirikiana vipande vya vinasaba kwa wingi kuliko, kwa mfano, Waitaliano. Anayetafuta mstari ulionyooka kati ya Mpoland, Mbelarusi na Mukraine katika damu anatafuta kitu ambacho hakikuchorwa.

Turudi Vilnius, maana hapa ndipo swali linauma. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu Wapoland wapatao 183,000 nchini Lithuania, asilimia 6.5 ya watu wote. Katika wilaya ya Šalčininkai wao ni takriban robo tatu ya wakazi. Si wahamiaji. Wengi wao ni wazao wa wakulima waliozungumza Kilithuania au Kibelarusi, ambao katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaingia pole pole katika Kipoland. Historia inalikubali hilo waziwazi, wala hatuhitaji maabara kulithibitisha. Hadi leo wapo wanaozungumza nyumbani lahaja ya Kibelarusi wanayoiita lugha "ya kawaida", kisha wakasali na kuimba kanisani kwa Kipoland.

Kwa nini waliingia? Kipoland kilikuwa lugha ya nyumba ya kabaila na ya shule, ndiyo. Lakini zaidi ya yote kilikuwa lugha ya mahubiri, ya kitabu cha sala, ya nyimbo za Kwaresima. Dola ya tsar ilipoibana imani ya Kikatoliki baada ya maasi ya mwaka 1863, na ikapiga marufuku vitabu vya Kilithuania vya herufi za Kilatini kuanzia mwaka 1864 hadi 1904, mkulima aliyetaka kubaki Mkatoliki alishikilia alichokipata. Kwa wengi kilikuwa kitabu cha sala cha Kipoland. Watoto wake walikua katika lugha hiyo. Wajukuu wakawa Wapoland. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na taifa nalo hulea.

Wanasiasa wa Lithuania, kati ya vita mbili kuu na tena baada ya mwaka 1990, wamewaambia watu hawa: ninyi ni Walithuania mliopotea, rudini kwenu. Tunaona hilo ni kosa, hata kama kauli ya kwanza ina ukweli wa kihistoria. Kumwambia bibi wa miaka themanini kwamba sala zake zote zilikuwa katika lugha ya kuazima, kwa kuwa babu wa babu yake alisema lugha nyingine, ni dharau iliyovaa koti la sayansi. Kwa muda mrefu watu hawa hawakuruhusiwa hata kuandika herufi "w" katika majina yao ya ukoo kwenye pasipoti. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeruhusu herufi hiyo, ingawa alama maalumu za Kipoland bado hazimo.

Lakini tusiwape Wapoland baraka ya bure. Mwaka 1920 jeshi la Poland liliuteka Vilnius kwa hila iliyopewa sura ya uasi wa askari, na hoja ilikuwa kwamba wakazi ni Wapoland. Katika sensa ya Poland ya mwaka 1931, katika mkoa wa Polesie, watu wapatao 700,000 walipoulizwa lugha yao walijibu tu kwamba wanasema lugha "ya hapa". Walikuwa wakulima, wengi wao Waorthodoksi, na watawala hawakujua wawaweke wapi. Sisi tunaona jibu hilo ni la busara kuliko swali lenyewe.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika mkanganyiko huu, na si haki sisi tulio ndani tulipite kimya. Katika vijiji vya Belarus ilizoeleka kwamba Mkatoliki maana yake ni Mpoland na Morthodoksi maana yake ni Mrusi. Mbelarusi Mkatoliki alikosa mahali pa kusimama: akitaka kusali kwa lugha yake alitazamwa kama msaliti wa imani. Mapadre wengi waliona wanalinda Kanisa, kumbe walikuwa pia wanasajili raia. Mwenye Heri Jurgis Matulaitis, askofu wa Vilnius kuanzia mwaka 1918 hadi 1925, alijaribu njia nyingine. Alikuwa Mlithuania kwa kuzaliwa, akawahudumia Wapoland, Walithuania na Wabelarusi kwa usawa, na kila upande ukamshuku kwamba anapendelea upande mwingine. Aliomba kuondoka, akakubaliwa. Mwaka 1987 Yohane Paulo II, Mpoland, akamtangaza Mwenye Heri. Wale wanaojiandaa kupewa parokia zenye makabila mengi watafaidika kuusoma uaskofu wake, pamoja na uchungu wake wote.

Tukiondoka Ulaya, kuna Wapoland wengine ambao hakuna ramani ya rangi ingewatambua. Mwaka 1802 na 1803 Napoleon alipeleka Haiti askari wa Kipoland wapatao 5,000 kuuzima uasi wa watumwa. Nchi yao ilikuwa imegawanywa na kufutwa mwaka 1795, nao walijiunga na Wafaransa wakitumaini kuirudishiwa. Askari hawa wenyewe walikuwa mchanganyiko: vikosi vyao, vilivyoanzishwa Italia mwaka 1797, vilijazwa kwa sehemu na mateka kutoka jeshi la Austria. Wengi walikufa kwa homa ya manjano na vitani. Baadhi waliona kwamba wametumwa kuwafanyia wengine kile walichofanyiwa wao, wakahamia upande wa waasi. Wapatao 400 walibaki kisiwani.

Ndipo ikaja katiba ya Haiti ya mwaka 1805. Kifungu cha 12 kilikataza mzungu yeyote kumiliki mali katika nchi hiyo. Kifungu cha 13 kikawaondolea katazo hilo Wapoland na Wajerumani waliopewa uraia. Na kifungu cha 14 kikatamka kwamba Wahaiti wote, bila kujali rangi, wataitwa Weusi. Kwa sheria, basi, mkulima kutoka karibu na Kraków aliyebaki Haiti akawa mtu mweusi, na hatujaona taifa jingine la wakati ule lililothubutu hivyo. Wazao wao wanajulikana hasa katika kijiji cha Cazale, kaskazini mwa Port-au-Prince. Wamebaki na majina ya ukoo yenye mwangwi wa Kipoland, na wageni hupenda kupiga picha macho yao yakiwa ya rangi hafifu. Mwaka 1969 kijiji hicho kilipatwa na mauaji mikononi mwa majeshi ya Duvalier, jambo ambalo wapiga picha hulitaja mara chache. Sura ya Bikira Maria wa Częstochowa, yenye uso mweusi na makovu shavuni, inajulikana sana Haiti, ingawa mara nyingi imeingizwa katika ibada za vodu, na hilo lingetaka makala yake.

Sasa hesabu. Kutoka mwaka 1803 hadi leo ni kama vizazi 8, yaani nafasi 256 za mababu. Mtu wa Cazale mwenye babu mmoja tu Mpoland kati ya hao atakuwa na wastani wa asilimia 0.4 ya vinasaba vyake, pengine zaidi kama watu wa kijiji wameoana wao kwa wao. Kwa kipimo cha mate huyu si kitu. Mjukuu wa mhamiaji kule Chicago, mwenye asilimia 95, hajui neno la Kipoland wala hajali. Hatusemi wa Cazale ni Mpoland kuliko yule wa Chicago. Tunasema kwamba wa Cazale anabeba kumbukumbu ya watu waliokataa kuwa mikono ya utumwa, na kumbukumbu hiyo hailinganishwi na 0.4.

Yanatisha zaidi yale yanayotokea dola inapochukua mizani mkononi. Katika Umoja wa Kisovieti kila raia aliandikiwa taifa lake katika hati, safu maarufu ya tano, na kutoka mwaka 1938 ilifuata taifa la wazazi. Mwaka 1936 makumi ya maelfu ya Wapoland na Wajerumani walihamishwa kutoka Ukraine hadi nyika za Kazakhstan. Kisha ikaja ile iliyoitwa operesheni ya Kipoland ya mwaka 1937 na 1938, ambamo watu 111,091 walipigwa risasi. Huko Leningrad wapelelezi walipekua kitabu cha simu wakitafuta majina yenye sauti ya Kipoland. Wangekuwa na vipimo vya vinasaba, wangevitumia.

Walionusurika Kazakhstan waliishi bega kwa bega na Wajerumani na Waukraine, wakaoana, wakazaa watoto ambao walipofika umri wa miaka 16 walichagua taifa la baba au la mama, na wengi walichagua lile lililokuwa salama. Padre Władysław Bukowiński aliwahudumia hao wote Karaganda, kwa siri, akibatiza katika nyumba za watu. Mwaka 1955 alipewa nafasi ya kuondoka kwenda Poland, akachukua uraia wa Kisovieti ili abaki na waamini wake. Alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2016. Mchanganyiko wa damu katika parokia zile ulikuwa matokeo ya mateso, tena ndio uliowasaidia kuyavumilia.

Na hapa ndipo njia inafika kwetu. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha raia wa Poland kutoka mashariki hadi Siberia na Kazakhstan. Mkataba wa Julai 1941 uliwafungulia mlango. Lakini tarehe 1 Desemba 1941 Moscow ilitamka kwamba katika watu wa maeneo yale, itawatambua wenye asili ya Kipoland tu kuwa raia wa Poland. Mukraine, Mbelarusi na Myahudi, hata kama alikuwa na pasipoti ya Poland na alihamishwa katika behewa lile lile, alihesabiwa kuwa mali ya Wasovieti. Fikiria mama mwenye mume Mpoland na jina la kuzaliwa la Kiukraine, yuko katika kituo cha reli, anaulizwa yeye ni nani. Jibu lake lilikuwa tofauti kati ya meli ya kwenda Iran na majira mengine ya baridi.

Baadhi ya wanawake na watoto waliopita waliletwa Afrika ya Mashariki. Tengeru ilipokea watu wapatao 5,000, na ilikuwa na kanisa katoliki, kanisa la Waorthodoksi na sinagogi. Yaani miongoni mwa "Wapoland wa Tengeru" walikuwamo wale ambao kipimo cha Moscow kilitaka kuwaacha. Wenyeji waliwaita wote Wapoland, na wao wenyewe walijiita hivyo. Makaburi karibu 150 bado yapo pale, na kanisa lao la Masindi, Uganda, bado linasimama.

Tusieleweke kwamba vinasaba havina kazi. Tangu mwaka 2012 kuna hazina ya vinasaba Szczecin inayosaidia kuwatambua wahanga wa tawala za kidikteta. Mifupa iliyofukuliwa katika eneo la Łączka, kwenye makaburi ya Powązki mjini Warszawa, imerudishiwa majina kwa kulinganishwa na mate ya watoto na wapwa, na familia zimewazika watu wao kwa Misa. Hapo swali ni nani mwana wa nani, na sayansi inalijibu vizuri. Vivyo hivyo kwa yatima wa vita anayetafuta ndugu zake.

Hata sheria ya Poland haikuweka mate kuwa kigezo. Sheria ya Karta Polaka ya mwaka 2007, kitambulisho cha mtu wa taifa la Poland anayeishi nje, inataka ujuzi wa msingi wa lugha na mila, tamko la maandishi, na hati za mzazi au babu mmoja au mababu wawili wa kizazi cha tatu. Asiye na hati anaweza kuleta cheti cha chama cha Wapoland kwamba amejishughulisha na lugha na utamaduni huo kwa angalau miaka mitatu. Tungependa mlango huu wa pili utajwe zaidi, maana wengi hawaujui.

Hati hizo mara nyingi ni madaftari ya ubatizo. Padre wa zamani aliandika Joannes kwa Kilatini. Mtu yule yule nyumbani aliitwa Jan, kwa jirani Ivan, kwa mjomba Jonas. Daftari liliandika madhehebu, wazazi na wasimamizi. Taifa halikuwa swali lake, na paroko wa leo asilijaze kwa kutazama sura au jina. Watoto waliozaliwa katika kambi za Afrika ya Mashariki nao walibatizwa, na wajukuu wao wako Kanada, Uingereza na Australia, wakiandika barua kuulizia. Wapewe nakala ya kilichoandikwa, bila kuongezewa wala kupunguziwa, na vitabu vyenyewe vihifadhiwe mbali na unyevu na mchwa.